Waya Uliopakwa Chokaa

Hitima ya Bi Sauda ilipokwisha na wanawake kuanza kutafuta viatu vyao mlangoni, mimi nilibaki nimekaa. Sikubakia pilau, ingawa nawajua watakaosema hivyo. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimekaa chini ya ngazi, mkabala na kidaka cha ukutani, na ndani ya kidaka ile simu nyeusi ya kuzungusha ilikuwa bado ipo, imefunikwa kitambaa chake cha kudarizi, na kale kakufuli kake bado kamening'inia kwenye tundu la kuzungushia namba. Nilidhani ilishatupwa zamani. Nikanyanyua kitambaa, nikaona na ile filta, kidude kidogo cha plastiki, ipo vile vile kwenye waya, weupe wake umegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, nikacheka peke yangu katika nyumba ya msiba. Mama mmoja aliyekuwa akifunga buibui lake akanitolea macho.

Nikahisi mkono begani. Alikuwa Zuhura, mpwa wake Bi Sauda, aliyeshuka na ndege ya Maskati jana yake na hakuwahi mazishi. Amenenepa, amependeza, miwani imemkaa puani kama ya mwalimu mkuu. Nyuma yake alisimama mwanawe, kijana wa ndevu, akaniamkia shikamoo kwa sauti nzito hata nikachelewa kuitikia marahaba, maana habari za kijana yule nilianza kuzisikia katika nyumba hii akiwa bado tumboni. Zuhura akakaa mkekani kando yangu. Upande wa pili, kwenye kiti chake cha ukindu, mama yake, Bi Nasra, alikuwa amesinzia, au alikuwa anajifanya amesinzia. Bi Nasra siku hizi husikia lile analotaka kulisikia tu.

"Riziki," Zuhura aliniambia, "bado unaikumbuka simu hii?"

"Ntaisahau vipi? Ndiyo iliyonipa kazi ninayoila mpaka leo."

Na ni kweli. Watu huniuliza nimesomea wapi haya mambo ya mitandao, nami huwatajia chuo, kwa sababu ndilo jibu wanalolitaka. Lakini nilisomea hapa, Mkunazini, katika nyumba hii, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na tatu, na mtihani nilioufanya haukuwa na karatasi. Nilikotoka na kwa nini nilitoka hayahusu hapa. Itoshe kusema nilikuwa na kazi mchana katika ofisi ya kuwapangia watalii safari, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Nasra, ghorofani, chumba chenye kitanda cha besera, cha nguzo nne, kisicho na chandarua kizima na dirisha linalotazama paa za mabati za jirani.

Nyumba ilikuwa ya dada wawili. Bi Nasra, mkubwa, alikaa juu. Bi Sauda, mdogo, mjane kama mwenziwe, alikaa chini karibu na jiko. Chumba changu na sebule ya Bi Nasra vilitengwa kwa ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya samli, na ukuta ule, Mungu anisamehe, haukuweza kuficha hata chafya. Kila jioni baada ya Alasiri Bi Sauda alipanda na birika la chai ya tangawizi na sahani ya mkate wa kumimina, na wakianza kuzungumza mimi husikia yote, nitake nisitake. Na mara nyingi nilitaka. Nyumba za mji huu zina jambo jengine pia: chokaa. Huko juu baina ya boriti na boriti chokaa kimechoka kushikilia, hudondoka unga unga mchana kutwa, kwenye meza, kwenye chai, kwenye kope za mtu aliyelala. Bi Nasra alipigana na unga ule maisha yake yote. Alikuwa hapiti penye kitu bila kukifuta kwa pindo la kanga yake, hata mtu akiwa bado anakila.

Mazungumzo yao ya mwaka ule yalikuwa ya jambo moja. Zuhura, mtoto pekee wa Bi Nasra, alikuwa ameposwa na jamaa hapa hapa mjini, siku zikatajwa, yeye akapanda ndege kwenda Maskati kufanya kazi ya uuguzi, na huko akaolewa na kijana wa Kipemba ambaye Bi Nasra hajapata kumtia machoni. Bi Nasra alipoletewa habari ile alisema neno moja tu: "Mimi simo." Kisha akanyamaza miaka miwili. Zuhura akipiga simu, Bi Sauda ndiye anayepokea, Bi Nasra hutoka akaenda kufuta makabati. Mwaka ule Zuhura akapata mimba, na mimba ikawa nzito, miguu inavimba, madaktari wanakunja uso. Akatuma kumwambia mama yake kuwa hataki kitu chochote, hataki kanga wala ubani. Anataka radhi zake tu kabla hajaingia chumba cha uzazi.

"Mtoto anakwenda kujifungua ugenini, dada," nilimsikia Bi Sauda jioni moja, "na wewe umekaa kimya."

"Sikukaa kimya. Nimekaa kwangu."

"Basi mpe radhi zake! Simu hiyo hapo, nyeupe, inakutazama."

Nilisikia kijiko kinazunguka kikombeni. Kisha Bi Nasra akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Sauda, mimi nshamsamehe zamani. Lakini radhi si salamu za Idi, useme kwenye simu halafu ukate. Nataka nimwone uso nnapomwambia. Nataka na yeye anione."

Ndiyo sababu kompyuta ikaingia katika nyumba ile. Mpwa wao mmoja aliyekuwa Dubai aliituma, kubwa kama sanduku la bibi harusi, na kamera yake ndogo ya kubandika juu ya kioo. Aliyekuja kuifunga ni Bwana Kirit, Mhindi mwenye duka la redio na kompyuta mtaa wa pili, mtu mpole, baba wa watu, aliyezaliwa hapa kama baba yake na babu yake. Kabla yake alikuja fundi wa simu kufungua laini ya mtandao, maana wakati ule mtandao wa nyumbani ulipita kwenye waya ule ule wa simu. Nilikuwepo. Fundi aliichomeka modemu, kile kisanduku cha taa taa, akachomeka na kidude kidogo cheupe baina ya ukuta na simu nyeupe ya sebuleni, akasema kinaitwa filta, bila yake simu na mtandao hugombana. Akauliza kwa sauti, "Kuna simu nyengine nyumba hii?" Bi Sauda akajibu toka ngazini, haraka haraka, "Hakuna!" Fundi akaondoka. Mimi niliikumbuka ile simu nyeusi ya chini, lakini niliiona siku zote imefungwa kufuli na kufunikwa kitambaa, na kengele yake ilishakufa, nikadhani ni pambo la marehemu mume wa Bi Sauda tu, kama saa ya ukutani isiyokwenda.

Siku ya kwanza ya kumpigia Zuhura ilikuwa Ijumaa. Sebule ilifukizwa udi hata mimi nikawa natokwa na machozi. Bi Nasra alivaa kanga mpya ambazo bado zina harufu ya duka, akaketi mbele ya kioo mgongo wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya paspoti. Bi Sauda aliweka sahani ya visheti mbele ya kamera, ati mtoto avione. Mimi ndiye fundi mitambo, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kutumia kipanya. Nikabonyeza, ikalia, na mara uso wa Zuhura ukajaa pale, umevimba, macho makubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Bi Sauda akapiga kigelegele, akanyanyua visheti, akalia, akacheka, akamwambia Zuhura amenona, kisha akashuka ngazi mbio na magoti yake mabovu. Wakabaki wawili wanatazamana. Bi Nasra hakuwa mtu wa kuanza maneno. Alikohoa. Akajiweka sawa. Akatazama chini, akatazama pembeni, na ndipo akasema, "Zuhura..." na picha ikaganda, ikavunjika vipande vipande, ikapotea. Nilibonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Baadaye kidogo mtandao ukarudi wenyewe, lakini Zuhura hakuwepo tena. Wakati huo sebule ikawa inajaa jamaa: Bi Mwanaisha wa Mwembetanga na binti zake, mashoga wa Bi Nasra, wote wanahema, buibui zimekaa upande, "Yuko wapi mtoto? Yuko wapi?" Niliwaambia mtandao umekatika. Hakuna aliyeuliza walijuaje kuwa Zuhura yuko hewani saa ile, na mimi nilidhani wamealikwa tokea asubuhi.

Wiki ya pili tukarudia. Udi, kanga, visheti. Shikamoo, marahaba. Kigelegele, Bi Sauda kashuka. Bi Nasra kakohoa, kafungua mdomo, na picha ikaganda. Safari hii Bi Nasra alinyanyuka kabla sijagusa kitu. "Kaona uso wangu akakata," alisema. "Haya. Nimeelewa." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Na kwenye simu yangu ya mkononi ukaja ujumbe wa Zuhura: mama amenikatia tena, dada Riziki, akiona uso wangu hawezi kunivumilia.

Hapo ndipo nilipoanza kuijua kazi hii ilivyo, na mpaka leo huwaeleza vijana ninaofanya nao kazi. Mtandao ukikatika ovyo ovyo, hakuna anayegombana. Watu hulaani kampuni, wakaenda kunywa chai. Lakini ukikatika pale pale panapouma, basi watu hawaoni waya, wanaona mtu. Nilimwambia Bi Nasra, "Ni mtandao, bibi, si Zuhura." Akanijibu, "Mbona ukizungumza na wazungu wako wa ofisini haukatiki?" Na ni kweli, haukatiki. Nilikaa jioni nzima nikipiga hapa na pale, laini imetulia tuli. Nilimwandikia Zuhura kuwa si mama yake, akaniuliza hivyo hivyo: mbona na wewe tunazungumza vizuri? Nikachemka. Nilibadilisha waya, nikahamisha modemu, nikaifuta ile programu ya kupigia simu za picha nikaiweka upya, nikaishusha kompyuta nzima mezani na kuipandisha tena. Kadiri nilivyothibitisha kuwa mashine ni nzima, ndivyo nilivyozidi kuwagombanisha.

Nikamwita Bwana Kirit. Alikuja na begi lake la vyombo, na Bi Sauda akamkaangia bajia za kunde katika mafuta mapya, kwa kuwa Bwana Kirit hali nyama wala hali kilichokaangwa penye nyama. Alipima hiki na kile, akapiga simu dukani kwake kwa kamera, wakazungumza yeye na mkewe kwa Kihindi mpaka bajia zikapoa. Haikukatika. Bi Sauda alisimama mlangoni na upawa mkononi, anatazama kama anayesubiri daktari aseme.

"Riziki," akaniambia, "kompyuta haina ugonjwa. Laini haina ugonjwa. Mimi niseme nini?"

"Sema chochote, Bwana Kirit. Humu ndani mimi nshakuwa mchawi. Bi Mwanaisha ananambia vidole vyangu vizito."

Akacheka, akafuta vidole vyake kwa leso. "Sikiliza. Siku ile ikikatika wewe unatazama nini?"

"Namtazama Zuhura."

"Ndio kosa. Uso wa mtu hautakwambia kitu. Tazama taa hii hapa, ya laini." Akaigusa kwa ncha ya bisibisi. "Ikibaki inawaka, ugonjwa uko Maskati au kwenye kompyuta. Ikizimika, ugonjwa umo kwenye waya wa nyumba hii hii. Basi ushike waya, uufuate mpaka uishe. Usifikiri. Fuata tu."

Alhamisi ukaja ujumbe kutoka Maskati. Madaktari wamesema hawasubiri tena, Zuhura anaingizwa hospitali Jumamosi. Atapiga Ijumaa baada ya Alasiri, mara moja. Akikatiwa, hatapiga tena. Nilisoma ujumbe ule nimesimama kwenye ngazi. Nilimpelekea Bi Nasra, akausikiliza mpaka mwisho, akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Mwambie nipo," akasema.

Ijumaa ile hakuna aliyekula mchana. Wali ulikaa chini ya kawa mpaka ukapoa, mchuzi wa pweza ukaganda juu. Bi Nasra alivaa zile zile kanga. Zuhura alipotokea alikuwa amelala upande, mto nyuma, uso umekwisha. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Alisema mwanangu. Bi Sauda alilisikia neno lile akapiga kigelegele kilichofika Darajani, akatoka mbio. Na mimi, wallahi, nilitamani kumtazama Bi Nasra kuliko kitu chochote duniani, lakini nilipiga magoti chini ya meza nikaikodolea macho taa ya laini. Nikasikia juu ya kichwa changu Bi Nasra anakohoa. Nikasikia kiti kinalia, kama mtu anayejisogeza mbele. Na taa ikazimika.

Nilishika waya. Niliona hata aibu, mtu mzima anatambaa sebuleni kwa watu, lakini nilishika waya. Ulitoka nyuma ya modemu, ukapita chini ya zulia, ukatoboa kizingiti, ukatoka nje kwenye ngazi. Hapo ulipanda juu kwenda kwenye nguzo ya mtaani, kama nilivyojua. Lakini kidole changu kilipopita ukutani kikahisi mstari mwengine. Ulikuwa waya wa pili, umeungwa kwenye ule wa kwanza kwa kipande cha utepe mweusi, umepakwa chokaa juu kwa juu, Ramadhani baada ya Ramadhani, mpaka umekuwa sehemu ya ukuta, jicho halioni ila mkono. Ulishuka chini. Nikashuka nao, mkono ukutani, chokaa kinaingia kuchani, ngazi kwa ngazi, mpaka ukaingia ndani ya kidaka. Na kwenye kidaka alisimama Bi Sauda, mgongo kwangu, kitambaa cha kudarizi begani, kufuli limefunguliwa, simu nyeusi sikioni, anapiga kelele:

"Mwanaisha! Yuko hewani! Kamwita mwanangu! Waite wote mje, upesi!"

"Bi Sauda, weka simu."

"Ngoja nimwambie na Bi Rukia..."

"Weka, Bi Sauda! Nakuomba, weka!"

Akaiweka. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikachungulia: taa inapepesa, inapepesa, ikatulia ikawaka. Nikamwambia toka juu, "Nyanyua!" Akanyanyua. Taa ikafa. "Weka!" Ikarudi. Jamani, sijawahi kukipenda kitu kama nilivyoipenda taa ile. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikashusha pumzi iliyokuwa imenikaa kifuani wiki zote zile. Hakuna aliyemkatia mtu. Hakuna mama aliyemchukia mwanawe wala mwana aliyemkimbia mamake. Ilikuwa ni furaha ya Bi Sauda tu, kwamba mtoto katokea na haifai wamwone peke yao, lazima ukoo mzima uje umsalimie.

Bi Sauda alipofahamu alijipiga kifua. "Mimi? Mimi ndiye nilokuwa nnamkata mtoto wa dada yangu?" Ndipo akaniambia, analia na huku anasema haraka haraka, kwamba waya ule mumewe marehemu aliuvuta mwenyewe kimya kimya kupitia rafiki yake, bila kampuni ya simu kujua, ili mkewe asipande ngazi kila simu ikilia, na miaka yote hiyo amekuwa akiuogopa. Fundi alipouliza kuna simu nyengine, aliona atauchomoa na pengine atampeleka mbele ya sheria. Kwa hiyo akasema hakuna. Simu yenyewe hakuitumia ila kwa habari kubwa, ndiyo maana nilipopima mimi, nilipopima na Bwana Kirit, kila kitu kilikuwa salama. Habari kubwa ya mwaka ule ilikuwa moja tu.

Sikumaliza kumsikiliza. Juu, mlango wa chumba cha Bi Nasra ulikuwa umefungwa tena, na kwenye kioo hapakuwa na mtu. Nilipiga Maskati, haikupokelewa. Nikaandika kwenye simu: Usiondoke, si mama, ni simu ya chini. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nyuma yangu nikasikia kitu kinakwaruza ukuta. Bi Sauda alikuwa anaukwanyua waya wa mumewe kwa mikono yake, kutoka ngazini mpaka kidakani, chokaa kinaanguka mapande mapande, waya ambao kwa miaka hakuruhusu mtu hata aupigie msumari kando. Akapanda nao juu, simu nyeusi kaipakata kama mtoto mchanga, akakaa kwenye ngazi ya mwisho. "Hapiti mtu hapa," akasema. "Hata Mwanaisha."

Na kompyuta ikalia yenyewe. Alikuwa Zuhura, anapiga.

Niligonga mlango wa Bi Nasra kwa ngumi. Nilimwambia nini sikumbuki. Bi Sauda alikuwa akiapa kuwa nilimfokea. Alitoka macho mekundu, akaketi, mgongo wima. Hakukohoa safari hii. "Zuhura, mwanangu," akasema, "mimi nimekuwia radhi, duniani na akhera. Na mumeo nimemuwia radhi. Uzae salama." Zuhura alilia hata kamera ikawa inaonesha mto tu. Bi Nasra naye akalia, bila kujificha, akiacha machozi yashuke bila kuyafuta. Ukoo ulipofika unahema, Bi Sauda akawazuia ngazini mpaka alipohakikisha kila kitu kimesemwa, kisha akawaachia, na sebule ikajaa vigelegele na harufu ya jasho na udi. Baadaye tulikula wali ule ule uliopoa, kwenye sinia moja, na sijapata kula wali mtamu kama ule. Jumapili asubuhi simu nyeupe ililia: mtoto mwanamume, mama mzima. Jumatatu Bwana Kirit alileta filta ya pili kama zawadi ya uzazi, akauvuta waya upya kwa kutumia misumari midogo, akaniuliza kama nimechoka na watalii, maana dukani kwake anataka mtu anayejua kufuata waya.

Haya yote nilikuwa namsimulia kijana wa Zuhura pale mkekani, na yeye anacheka, kwa sababu kumbe hajawahi kusimuliwa upande huu. Wakati ule ule jambo moja likanijia ambalo sikuwahi kuuliza. "Zuhura," nikasema, "ule ujumbe wangu uliupata baada ya muda gani? Maana miaka yote hii najisifu kwa watu kuwa mimi ndiye niliyekurudisha."

Akatabasamu. "Ujumbe wako niliuona usiku, dada. Simu ilikuwa ndani ya mkoba."

"Sasa mbona ulipiga? Si ulisema hupigi tena?"

Akavua miwani. "Picha iliganda," akasema. "Zile siku mbili za mwanzo iliganda mama anatazama pembeni, kama mtu ambaye hataki kuniona. Siku ile iliganda kanyoosha mkono. Kainama mbele, mkono wake umekuja mpaka kwenye kioo, kama anataka kunishika shavu. Nikaitazama picha ile nikajiambia, mtu anayekata hanyooshi mkono. Nikapiga. Kila likinifika zito nauona ule mkono."

Mimi nilikuwa chini ya meza, natazama taa; mkono ule sikuuona.

Kwenye kiti cha ukindu Bi Nasra alifumbua macho. Hakuwa amesinzia hata kidogo. Aliushika uso wa bintiye kwa pindo la kanga, akampangusa chozi chini ya jicho, akapangusa na miwani aliyoishika mkononi.

"Kioo kilikuwa na chokaa," akasema. "Nlikuwa nakifuta, nikuone vizuri."